Nani Anasema Kwanza? Usawa na nguvu katika ushauri wa ndoa, Kiambi

Ushauri wa ndoa ni mazungumzo yaliyopangwa kati ya mume, mke na mtu wa tatu, yanayowasaidia wenye ndoa kuona kinachowagombanisha na kutafuta njia ya kukimaliza. Katika miji mikubwa kazi hiyo hufanywa na wanasaikolojia waliosomea. Katika mahali kama Kiambi, mji mdogo ulio kando ya mto Luvua katika wilaya ya Manono, jimbo la Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mzigo huo hubebwa na wazee wa koo, wachungaji na makatekista, na shefu wa kijiji. Katika mashariki ya Kongo wameongezeka pia wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii wa vituo vya afya na miradi ya misaada, wanaojulikana kwa kifupi cha Kifaransa kama APS.

Wengi wao wana nia njema, na nyumba nyingi zilizokuwa zinawaka moto zimetulia kwa sababu yao. Lakini mume na mke hawafiki kikaoni wakiwa na uzito sawa. Mpatanishi anayegawa lawama nusu kwa nusu bila kupima uzito huo humrudisha aliye dhaifu palepale alipotoka, safari hii akiwa na baraka za wazee. Kwa sababu hiyo usawa wa kijinsia ndio mahali ushauri wa ndoa unapopaswa kuanzia.

Kikao kinavyoketi

Nguvu huonekana kabla mtu hajafungua kinywa. Katika vikao vingi vya ukoo wazee hukaa kwenye viti, bwana naye hupewa kiti, na bibi hukaa mkekani, pengine na mtoto mgongoni. Bwana ndiye anayeulizwa kwanza. Anaeleza: chakula kilichelewa, bibi alijibu vibaya, alikwenda kwao bila kuaga. Akimaliza, mzee anamgeukia bibi na kumuuliza, “Mama, ni kweli?”

Swali hilo fupi limeshaamua kesi. Aliyesema kwanza ndiye aliyeeleza shauri ni nini, na wa pili amebaki na kazi ya kukubali au kukana. Huenda bibi alikuwa na shauri lake: kwamba fedha za mihogo aliyoilima, akaimenya, akailoweka na kuianika zilichukuliwa zote, na kwamba alikwenda kwao kutafuta chumvi na sabuni. Hilo halikuulizwa. Akilisema ataonekana anakwepa swali, na akinyamaza, kunyamaza kwake kutahesabiwa kuwa ni kukiri.

Waliomzunguka nao wana masilahi yao. Ndoa ikivunjika, upande wa mume unaweza kudai mahari irudishwe, na mara nyingi mali hiyo ilishatumika, pengine kumwolea kaka wa bibi huyohuyo. Ndugu wa mke wanapomwambia “vumilia, mama, rudi nyumbani”, wanaweza kuwa wanampenda kweli, lakini pia wanalinda mali. Mshauri anayetaka kutenda haki hana budi kujua ni nani katika kikao atakayepata hasara iwapo mwanamke atasikilizwa.

Kuoa, kuolewa, kuoana

Kiswahili chenyewe kinabeba mgawanyo huu. Mwanaume huoa, mwanamke huolewa. Tendo ni moja, lakini mmoja ni mtendaji na mwingine ni mtendewa. Umbo la tatu, kuoana, lipo na kila mtu analifahamu. Ndilo umbo la kusikilizana, kushauriana, kupatana na kusameheana. Kazi ya ushauri wa ndoa inaweza kuelezwa kwa sarufi hiyo: kuwatoa watu wawili kwenye kuoa na kuolewa, na kuwafikisha kwenye kuoana.

Desturi za jimbo zinaonyesha kwamba mgawanyo huo ni mpango wa watu. Miongoni mwa Waluba, ukoo hufuata upande wa baba: mwanamke huhamia kwa mumewe, na watoto huhesabiwa wa ukoo wa mume. Lakini katika jimbo hilohilo la Tanganyika, Wahemba wa upande wa Kongolo na Watabwa wa pwani ya ziwa karibu na Moba wana desturi ya kuhesabu ukoo kwa mama, na kwao mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Hawa ni majirani, wanauziana sokoni na wanaoana. Kwa hiyo bwana anaposema “ndivyo ndoa ilivyo”, anaeleza jinsi watu wa mahali pake walivyoipanga ndoa. Hata ukoo wa mama hauleti usawa wenyewe, kwa kuwa mara nyingi madaraka hutoka kwa mume yakaenda kwa kaka. Unachoonyesha ni kwamba watu waliwahi kupanga kwa njia zaidi ya moja, na wanaweza kupanga tena.

Sheria ilivyobadilika

Sheria ya nchi nayo imepita njia ndefu. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu cha 444, ilisema mume ni kiongozi wa nyumba, kwamba anapaswa kumlinda mkewe na mke anapaswa kumtii. Kifungu cha 448 kilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kuingia katika tendo la kisheria linalomfunga. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 14, iliipa serikali jukumu la kuondoa kila aina ya ubaguzi dhidi ya mwanamke, na sheria ya 2015 ikaweka taratibu za kutekeleza haki za wanawake na usawa wa uwakilishi. Mwaka uliofuata, sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliifanyia marekebisho Sheria ya Familia: ruhusa ya mume iliondolewa, na mahali pake pakawekwa makubaliano ya wote wawili. Wasipokubaliana, aliyeonewa anaweza kwenda mahakama ya amani. Hata hivyo mume aliachiwa cheo cha kiongozi wa nyumba.

Kwa mshauri wa kijijini mabadiliko hayo ni silaha ya kazi. Bwana anayedai kwamba sheria inamtaka mkewe aombe ruhusa ya kuuza au kukopa anaweza kujibiwa kwa tarehe na kifungu. Lakini sheria peke yake haifiki jikoni. Mwanamke wa kijiji cha mtoni anayeshtaki analipa nauli, anaacha shamba na watoto, kisha anarudi kulala katika nyumba ya yule aliyemshtaki. Pengo hilo kati ya haki iliyoandikwa na haki inayotendeka ndilo ambalo mazungumzo ya wawili yanapaswa kuliziba.

Ukubwa wa pengo umepimwa. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2013 na 2014 ulikuta kwamba asilimia 52 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini Kongo walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikisha miaka 15. Wanawake wengi katika uchunguzi huo walikubali pia kwamba kuna kosa linalomstahilisha mke kupigwa. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kofi ni adhabu yake halali hatalitaja kama tatizo, hata akiulizwa kwa upole.

Vita vinapoingia nyumbani

Nguvu ndani ya nyumba hutikisika pale mambo ya nje yanapotikisika. Mapigano kati ya Waluba na majirani wao Watwa, yaliyoanza 2013 na kupamba moto tena 2016 na 2017, yaliwang’oa mamia ya maelfu ya watu makwao katika jimbo la Tanganyika. Mnamo Oktoba 2017 Umoja wa Mataifa ulitangaza dharura ya ngazi ya juu kabisa kwa Tanganyika, Kivu ya Kusini na Kasai.

Mtu aliyejulikana kwa shamba lake na nyavu zake hujikuta amepanga foleni kungoja mgao wa unga. Mkewe anauza kuni, anafua nguo za watu, anapata kidogo cha kununulia sombe, mboga ya majani ya mihogo. Aliyezoea kuheshimiwa kwa sababu ya anacholeta sasa hana cha kuleta, na macho ya watoto yanamgeukia mama. Baadhi ya wanaume huikubali hali hiyo na kushika jembe jipya. Wengine huona wamevuliwa uanaume, na huutafuta tena kwa ngumi na kwa pombe. Kurudi kijijini hakumalizi jambo, kwa maana hofu, ndoto mbaya na aibu hurudi pamoja na mizigo.

Mshauri anapaswa kushika mambo mawili kwa pamoja. Jeraha la mwanaume ni la kweli na linastahili kusikilizwa. Jeraha hilo linaeleza hasira yake, lakini haligeuzi kofi kuwa halali. Mpango wa Living Peace, wenye taasisi yake mjini Goma, ulijengwa juu ya mambo hayo mawili: wanaume hukutana kwa wiki 15 kuzungumza juu ya yale waliyoyaona vitani na yale wanayoyafanya nyumbani, na wake zao huhusishwa ili kueleza kama kuna kilichobadilika.

Duara na kasoro yake

Tiba ya familia kama taaluma ilikua katika miaka ya 1950 na 1960, hasa Marekani. Wazo lake kuu lilikuwa kwamba familia ni mfumo, na ugomvi ni duara: mume anakaripia, mke ananyamaza, ukimya unamkera mume, naye anakaripia zaidi. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa peke yake, na yeyote akibadilisha hatua yake, duara linakatika. Wazo hilo liliwaokoa wengi kutoka kwenye mchezo wa kutafuta mkosaji.

Lakini lilikuwa na kasoro, na wengi walioionyesha walikuwa wanawake. Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Marekani Rachel Hare-Mustin aliandika kwamba mtaalamu anayeipokea familia jinsi ilivyo, bila kuuliza kazi na madaraka yamegawanywaje, anaimarisha mgawanyo huohuo. Mwaka 1985 Virginia Goldner alisisitiza kwamba jinsia ni mhimili wa maisha ya familia, kwa hiyo haiwezi kuachwa nje ya chumba cha tiba. Duara linadhani kila mmoja anaweza kuliacha kwa gharama sawa. Mke asiye na shamba lake, ambaye watoto wake wanahesabiwa wa ukoo mwingine na mahari yake imeshatumika, akiacha kunyamaza analipa gharama ambayo mumewe haijui.

Mnamo 1984, katika mji wa Duluth, jimbo la Minnesota, maelezo ya wanawake waliopigwa yalitumiwa kuchora gurudumu. Katikati pameandikwa nguvu na udhibiti, na katika mapengo ya gurudumu zimo mbinu: kutisha, kudhalilisha, kutenga mtu na ndugu zake, kushika fedha, kutumia watoto, kukana kilichotokea. Mchoro huo uliwafundisha washauri kwamba kipigo ni sehemu moja tu ya jambo. Mwaka 1995 mwanasosholojia Michael Johnson aliongeza tofauti ambayo inaongoza kazi hii mpaka leo: kuna ugomvi unaofikia kushikana mashati, na kuna utawala wa hofu ambamo mmoja humdhibiti mwenzake siku zote. Wa kwanza unaweza kuzungumzwa na wawili pamoja. Wa pili hauwezi, mpaka kwanza usalama uwepo.

Hatua za kikao chenye haki

Kutokana na mafunzo hayo, kikao kizuri huanza na watu wawili kuonwa mmoja mmoja. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haitasema mbele ya aliyeishika. Katika mazungumzo ya faragha bibi huulizwa kwa maneno ya wazi: Unamwogopa? Amewahi kukukaba shingo, kukutishia kwa panga, kukulazimisha kitandani? Ukisema kweli leo, usiku utakuwaje? Bwana naye huulizwa ya kwake. Likionekana tishio, kikao cha pamoja huahirishwa, na kazi huwa kutafuta mahali salama, kituo cha afya na msaada wa kisheria. Kwa aliyebakwa muda ni mfupi, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hufaa zikianzishwa ndani ya saa 72.

Wakiketi pamoja, mpangilio wa viti na zamu ya kusema huamuliwa mapema. Viti ni vya aina moja. Leo anaanza huyu, kesho yule. Kabla ya kujibu, msikilizaji hurudia alichosikia mpaka mwenzake aseme, “Ndiyo, umenielewa.” Inaonekana ni kanuni ndogo, lakini wapo mabwana ambao hapo ndipo wanapogundua kwamba kwa miaka mingi wamekuwa wakijibu bila kusikiliza.

Zoezi moja linalotumika sana katika mafunzo ya wanandoa ni la saa 24. Kila mmoja hupewa mbegu za maharage na kuchora chini mstari wa siku nzima. Kwa kila saa ya kazi anaweka mbegu moja. Upande wa bibi mbegu huanza kabla ya jua kuchomoza: maji, moto, kufagia, shamba, kuni, kuopoa mihogo iliyolowekwa, kuitwanga, kupika bukari (ugali), kuosha watoto, na hata usiku mtoto akilia. Upande wa bwana mbegu nazo zipo, na nyingine ni nzito: kukata msitu, kuvua, kuchimba madini huko Manono. Lakini mchana kuna nafasi tupu, na jioni kuna nafasi tupu zaidi. Mshauri halaumu mtu. Anawaacha watazame mbegu, kisha anauliza ni mbegu gani mbili zinaweza kuhama. Kilichokuwa manung’uniko kimekuwa kitu kinachohesabika, na bwana anaweza kuchukua mbegu ya kuchota maji bila kuambiwa kwamba alikuwa mtu mbaya.

Fedha hufuata. Wawili hutaja kila kilichoingia nyumbani mwezi huo, aliyekileta na aliyeamua matumizi yake. Mara nyingi aliyezalisha si aliyeamua. Hapo hutafutwa makubaliano ya maandishi au ya alama: sehemu ya shule, sehemu ya dawa, sehemu ya mbegu za msimu ujao, na fungu dogo ambalo kila mmoja hulitumia bila kuulizwa. Mazungumzo ya unyumba huja mwisho, imani ikiwa imekwisha kujengwa, na msingi wake ni mmoja: kuolewa hakumnyimi mtu haki ya kusema hapana.

Ushahidi kutoka kwa majirani

Njia hizi zimepimwa katika nchi na majimbo ya jirani. Kampala, shirika la Raising Voices lilianzisha mpango ulioitwa SASA!, unaofundisha jamii kutambua nguvu za aina nne: nguvu ya ndani ya mtu, nguvu juu ya mwingine, nguvu ya pamoja na nguvu ya kutenda. Utafiti uliofanyika katika maeneo ya Makindye na Rubaga kati ya 2007 na 2012 ulikuta kwamba kipigo cha wenzi katika jamii zilizopata mpango kilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 52 kuliko katika jamii ambazo hazikuupata. Nchini Rwanda, mpango wa Indashyikirwa uliwakutanisha wanandoa katika vikao 21, na uwezekano wa wanawake hao kuripoti ukatili wa mume ulishuka kwa karibu nusu. Mafanikio hayo hayakuenea kwa majirani ambao hawakuhudhuria vikao.

Katika Kivu ya Kaskazini na Kusini, mpango wa EMAP uliwakusanya wanaume peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba mitazamo ya wanaume ilibadilika na wengi walianza kusaidia kazi za nyumbani, lakini ukatili wenyewe haukupungua kwa kiasi cha kuhesabika.

Matokeo hayo matatu yakisomwa pamoja yanafundisha. Mwanaume anaweza kubadili maneno yake bila kubadili mkono wake. Wawili wanapojifunza pamoja, nyumba yao hubadilika. Na kijiji kizima kinapozungumza, mabadiliko hayategemei tena nyumba moja moja. Kwa mahali kama Kiambi, hilo linamaanisha kwamba mazungumzo ya wanandoa yanahitaji kuambatana na mazungumzo ya kanisani, ya baraza la wazee na ya vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa.

Mshauri mwenyewe

Anayebaki ni mshauri. Yeye pia alizaliwa katika nyumba yenye mkeka na kiti. Kama nyumbani kwake neno la mwisho ni lake siku zote, kikaoni sikio lake litaelekea upande wa bwana bila yeye kujua. Dawa zilizoonekana kufaa ni mbili: mwanaume na mwanamke waifanye kazi hii wakiwa wawili, wakionyesha kwa macho ya wote namna watu wanavyoweza kupingana bila kudharauliana, na washauri wawe na mkubwa wa kazi ambaye huwauliza mara kwa mara walimwacha nani aseme, na walimkatiza nani.

Hofu kubwa wanayokutana nayo ni kwamba usawa utamgeuza mke kuwa bwana. Methali ya fahali wawili wasiokaa zizi moja husemwa haraka. Lakini ndoa haina fahali. Ina watu wawili wanaolima, wanaolea na wanaozeeka pamoja, na ushauri wenye haki hauwatafutii mtawala mpya. Kipimo cha mafanikio yake ni cha kawaida kabisa: siku mihogo inapouzwa, fedha huwekwa mezani na kuhesabiwa na wote wawili, na bibi anapotaka kwenda kwao huaga kama bwana anavyoaga, kwa maana mwenzake anapenda kujua, na haogopi jibu.